Kulwa Amesafiri

Probox ilipotoka stendi ya Bariadi, Evalina, aliyekaa mlangoni, alijifanya anasinzia. Kumbe masikio yote yalikuwa kwa jirani zake wa kiti cha nyuma: mwalimu wa darasa la pili, na bibi aliyempakata mjukuu wake, Doto.

“Mayu, mama yangu, mtoto hachezi na wenzake,” mwalimu alisema kwa sauti ya chini. “Uji wa shule anakunywa nusu, nusu anaweka kando. Mwambieni ukweli kwamba pacha wake amefariki.”

“Kwetu pacha hasemwi amekufa, mwalimu. Tulimwambia Kulwa amesafiri.”

“Ndiyo maana kila siku anamsubiri.”

“Alikuwa anamsubiri,” bibi alijibu taratibu. “Tangu Jumatatu hamsubiri tena.”

Mwalimu akageukia dirisha. Evalina, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, akazidi kufumba macho.

Njiapanda ya Nkoma gari likasimama. Evalina akakunja magoti, bibi na Doto wakapita, wakashuka. Doto akabaki ameushikilia mlango. Dereva akamwambia afunge.

“Kulwa bado hajashuka,” Doto alisema.

Evalina akajikuta amekunja magoti tena, kumpisha.