Dada Idda na Koti la Studio

Tarehe 31 Desemba 2005, Bi. Idda Chaula atazima kompyuta yake na kukabidhi funguo, baada ya kuitumikia Studio ya Picha Mwangaza, Makambako, kwa miaka ishirini na sita. Wateja wanamwita Mama Jackline. Sisi tuliokula naye ugali wa mchana miaka yote hiyo tunamwita Dada Idda. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu hiki cha sherehe kwa kuwa mimi wa mapokezi ndiye niliyekaa naye muda mrefu kuliko wengine. Nilidhani ni kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa, kumbe chai imepoa, imepashwa, na imepoa tena.

Dada Idda alizaliwa Tandala, kule Makete, katika familia ya wakulima wa ngano na viazi. Alikuja Makambako kumfuata mumewe aliyekuwa akifanya kazi relini, na mwaka 1979 Mzee Abdulaziz, mwenye studio, akamwajiri kuosha picha na kuzianika. Haikupita muda ikagundulika kwamba ana mkono. Siku hizo uso wa mteja ulirekebishwa kwa penseli juu ya negetivu yenyewe, penseli imechongwa mpaka inachoma. Chunusi, makovu, mikunjo ya kukosa usingizi, vyote vilitulia mikononi mwake. Watu wa Mjimwema waliziacha studio zilizo mlangoni kwao Njombe, wakapanda gari kuja kwetu, na wakiulizwa sababu walisema tu kwamba huku wanatoka wazuri.

Vijana wa leo hawaijui shida ya karatasi za picha. Zilikuwa zikija kwa bahati, na ikiharibika moja, Mzee Abdulaziz alinyamaza kwa namna iliyotutia hofu kuliko kelele. Dada Idda akawa na desturi ya kukata kipande chembamba, akakijaribu kwanza kwenye macho na pua tu, akaridhika, ndipo aguse karatasi nzima. Saa ya ukutani haikuonekana vizuri kwenye taa nyekundu ya chumba cha giza, kwa hiyo alipima muda kwa kuimba tenzi: beti zikiisha, picha imeiva. Mimi ni Mwislamu, lakini nazijua tenzi za Kilutheri kuliko wanakwaya kadhaa ninaowafahamu, na kosa ni la Dada Idda. Nikisema ukweli, harufu ile ya dawa na sauti ile nyuma ya pazia zito ninazikumbuka kuliko hata sura ya studio yenyewe ilivyokuwa.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara zikafunguliwa. Malori yakajaa njia panda, mitumba ikamwagwa chini kila siku ya gulio, na Mzee Abdulaziz akarudi siku moja na koti jeusi la suti pamoja na tai nyekundu. Hilo ndilo Koti la Studio. Sidhani kama kuna bwana harusi wa Makambako wa miaka ile ambaye hakulivaa. Wembamba walibanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo, wanene waliambiwa wasipumue, na wote walitoka pichani wakiwa mameneja. Lilipochakaa hata fundi akalikataa, Dada Idda alilitandika mezani, akalipiga picha likiwa limefungwa tai, akaiweka. Tulimcheka. Hatukujua kwamba koti hilo lilikuwa bado lina kazi kubwa mbele yake.

Mwaka 2003 studio ilinunua kompyuta na kamera ya kidijitali. Mzee Abdulaziz hakuzunguka. Alitukusanya akasema kwamba Idi ikishapita chumba cha giza kitafungwa moja kwa moja, na atakayekuwa hajaiweza kompyuta itabidi waagane naye. Kati yetu, aliyekuwa akiishi kwa chumba cha giza ni mmoja tu. Dada Idda alikuwa ameshafiwa na mumewe, Jackline alikuwa kidato cha pili, na kazi aliyoijua duniani ilikuwa hiyo ya kutengeneza nyuso za watu. Alikwenda kusuuza trei za dawa ambazo zilikuwa safi.

Mwalimu wake alikuwa Mudy, aliyetoka Mbeya na cheti cha kompyuta, kijana mwenye subira kuliko umri wake. Mwanzo ulikuwa mgumu kutazama. Dada Idda alikishika kipanya kama penseli, akakinyanyua juu ya meza, halafu akashangaa mshale mbona hausogei. Kwa kila jambo alisafiri mpaka juu ya skrini kutafuta neno kwenye menyu, akarudi, akasafiri tena. Wateja walichoka kusubiri, wengine wakavuka barabara kwenda kwa jirani, na Mzee Abdulaziz akiwa dirishani aliwaona wakivuka.

Mudy ndiye aliyemwambia kwamba mkono wa kushoto usikae bure: mkono wa kulia na kipanya, wa kushoto daima juu ya vitufe. Kitufe kimoja kinaleta brashi, kingine kinakuza picha, Ctrl na Z inarudisha ulichoharibu, Ctrl na S inahifadhi. Dada Idda alilichukulia jambo hilo kama katekisimu. Alifanya mazoezi juu ya meza ya kula, juu ya ndoo, na juu ya kitabu cha nyimbo kanisani, vidole vya kushoto vikicheza peke yavyo wakati wa mahubiri, hadi mke wa mchungaji akaja kuniuliza kwa siri kama mwenzetu ana ugonjwa wa mishipa. Kuhusu kuhifadhi, umeme wa Makambako ulimfundisha vizuri kuliko Mudy.

Mengine aliyatoa chumba cha giza. Kompyuta ile ilikuwa nzito, badiliko moja kwenye picha kubwa lilikupa nafasi ya kwenda kununua mandazi. Yeye akakumbuka kile kipande chembamba: akachukua nakala ndogo ya picha, akajaribia hapo rangi na mwanga, akipata anachotaka ndipo akafanya kwenye kubwa. Alikata kingo kabla ya kusafisha, maana hakuona sababu ya kufuta vumbi mahali panapokwenda kutupwa. Na hakuwahi kugusa picha ya asili. Kwenye negetivu penseli ikikosea imekosea, kwa hiyo alipoambiwa kuna leya, yaani kitu kama nailoni safi inayowekwa juu ya picha ukachora juu yake bila kuigusa ya chini, nilimwona akifuta macho. Alisema angepewa hiyo zamani angelala vizuri siku nyingi.

Ramadhani ikaingia, Idi ikasogea, na Mzee Abdulaziz bado hajasema neno. Ndipo ikaja kwaya.

Ilikuwa kwaya ya usharika mmoja wa Makete iliyoalikwa Malawi. Basi lao lilikuwa limesimama nje likielekea Iringa, kwenye ofisi ya Uhamiaji, na walitaka picha za pasipoti wakiwa njiani. Wasipofika kabla ofisi haijafungwa, safari imekufa. Mudy alikuwa ameitwa Njombe. Kitambaa chetu cha bluu cha kupigia picha alikuwa amekifua Rehana, binti wetu wa usafi, na kwa mvua ya Novemba kilikuwa kinaning'inia uani kikichuruzika maji. Tukawapiga mbele ya shuka jeupe, kila mmoja na joho lake la rangi ya damu ya mzee, tukiamini nyuma patabadilishwa kuwa bluu kwenye kompyuta. Patabadilishwa na nani, hatukusema. Mzee Abdulaziz alivuta benchi akakaa nyuma ya Dada Idda na tasbihi yake. Sote tulielewa kwamba huo ndio mtihani, na yeye alielewa kabla yetu.

Alianza na mwalimu wa kwaya, Bwana Frederick, aliyekuwa amesahau joho nyumbani na kufika na sweta. Aliomba asitiriwe. Dada Idda akaanza kurekodi hatua, kwa sababu kompyuta ina uwezo wa kukariri unachofanya kwenye picha moja ili ikirudie yenyewe kwenye nyingine zote. Akachagua weupe wa nyuma, akaumwagia bluu, akapunguza ukubwa. Halafu, kwa mazoea ya miaka, akamvalisha Bwana Frederick lile Koti la Studio, kutoka ile picha yake ya zamani aliyokuwa ameshaiingiza kwenye kompyuta. Akamaliza, akaiamuru kompyuta ifanye hivyo hivyo kwa kwaya nzima, akaegemea nyuma. Hakukumbuka kwamba alipokuwa akimvalisha koti, kompyuta ilikuwa bado inakariri.

Picha zikaanza kutoka. Bluu safi, na kila mtu ndani ya koti jeusi na tai nyekundu. Kina mama wa sauti ya kwanza wamefunga tai. Mzee mmoja wa besi koti lilimfika mdomoni. Mama Emilia, mmoja wa wanakwaya, aliyekuwa akichungulia begani mwa Dada Idda, akaangua kicheko: "Jamani! Mume wangu Nahumu akiniuliza koti la mwanamume nimelitoa wapi, nimjibu nini?" Kwaya ikacheka, dereva akapiga honi, na Mzee Abdulaziz akasimama. Mimi nilitazama sakafu. Nilijua akishatoka pale hatarudi kuzungumza, na nilimwonea huruma Dada Idda kuliko nilivyowahi kumwonea mtu kazini.

Yeye hakugeuka. Kwa kuwa hakuwa ameigusa picha ya asili hata moja, na koti lilikuwa kwenye leya yake peke yake, alirekodi hatua mpya, fupi: kuficha leya ya koti, basi. Akaiachia kwaya nzima. Makoti yakawavuka moja baada ya jingine, majoho yakarudi, bluu ikabaki. Bwana Frederick naye akavuliwa, akabaki na sweta, akalalamika mpaka akarudishiwa. Kisha Dada Idda akazipitia zote moja moja kwa macho yale yale ya penseli, akaimba ubeti, akabonyeza kitufe cha kuchapa. Basi liliondoka na picha zikiwa bado na joto la mashine, na jioni tukapigiwa simu kwamba walipokelewa.

Mzee Abdulaziz hakumpongeza, wanaomfahamu hawakutarajia. Alimwambia Rehana alete kile kiti cha ofisini kwake chenye mgongo na mito, akichukue kigoda cha Dada Idda akitupe stoo, maana Bi Idda ataumia mgongo akikaa hapo miaka. Neno hilo, miaka, ndilo tulilokuwa tukilisubiri tangu siku ile alipotukusanya. Dada Idda alikwenda uani, akasimama nyuma ya kitambaa cha bluu kilichokuwa kinachuruzika, na kila mmoja wetu akajifanya hajui anafanya nini huko.

Amekalia kiti hicho tangu siku hiyo. Akiwa juu yake amemfundisha Rehana, ambaye sasa ni mwepesi kuliko sote, pamoja na vijana wa tawi letu la Njombe. Wote wanaweka mkono wa kushoto juu ya vitufe, wote wanajaribu kwenye nakala ndogo, na wote hutamka kwa sauti kwamba wameacha kurekodi kabla ya kumvalisha mtu koti. Picha iliyoko kwenye jalada la kijitabu hiki ameitengeneza Rehana. Alitaka kufuta mikunjo ya macho. Dada Idda akamruhusu, kwa sharti kwamba iwe kwenye leya. Tumeichapa picha hiyo leya ikiwa imefichwa.

Dada Idda, asante. Asante kwa nyuso zetu, kwa tenzi, na kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kukosea mbele ya kwaya nzima na bado akamaliza kazi. Unarudi Tandala kwenye ngano na ukungu, na Jackline ametuahidi kwamba atakuwa akikuleta Makambako kila gulio ili tusikusahau, kana kwamba tungeweza. Mzee Abdulaziz amesema kiti kisibaki hapa. Kitapakiwa Jumamosi kwenye lori la viazi linalorudi tupu Makete, kimefungwa kwa kitambaa cha bluu, na safari hii kitambaa kimekauka. Kiweke barazani, ukikalie, na mkono wa kushoto uupumzishe. Hakuna basi linalosubiri nje. Tunakutakia maisha mema na marefu, dada yetu, na uyaishi polepole.

Omary, Mapokezi
Kwa niaba ya wafanyakazi wote