Kumuaga Mama Mokami, Mshona Malindo

Mheshimiwa Diwani, wachungaji wetu, wazee wa koo zote mbili, shikamooni. Ndugu wageni waalikwa, na ninyi akina mama wenzangu wa kikundi cha malindo, habari za mchana.

Mimi Lilian nimepewa kazi nzito ya kumuaga Mama Mokami, ambaye macho yake yamechoka na sasa anahamia kwa binti yake anayeishi Turwa. Wengi mnamjua kwa vyombo vyake vya magome ya miti, malindo yale ya kuhifadhia mbegu. Naomba niseme kwa nini sisi wa ng'ambo ya mto tunayashona pia.

Mwaka ule wa mapigano ya koo, watu wa upande wetu walivuka mto wakachoma nyumba yake, na watu wa upande wake wakavuka wakachoma maghala yetu. Yeye alikimbia na lindo moja kichwani, limejaa mbegu za ulezi. Mvua za kupandia zilipoanza, sisi hatukuwa na hata punje. Asubuhi moja nikamwona mlangoni kwangu, peke yake, anatua lile lindo.

Nikamwuliza, "Mama, hujui ni watu wetu waliokuchomea nyumba?"

"Najua. Hata sauti zao nilizitambua. Lakini mvua imeshanyesha, mwanangu. Leta chombo."

Nikaleta mfuko wa plastiki. Akautazama, akanimiminia mbegu za kupanda, akasema za akiba zitaoza humo, niende kule alikopewa hifadhi nikajifunze kushona lindo.

Ndugu zangu, nani kati yenu angevuka mto siku zile? Tulivuka wanawake wanne. Tulimkuta anapasha gome la mti kwenye moto ili lilainike, likubali kukunjwa. Shemeji yake Rubeni alikuwa amesimama kando na panga.

"Hawa ni wake za adui," Rubeni akasema.

Mama Mokami hakuinua uso. "Gome likipoa litapasuka. Weka hilo panga chini, unishikie huku."

Mimi nilikuwa natafuta kwa macho njia ya kukimbilia. Kisha Rubeni akaweka panga chini, akapiga magoti, akashika zile ncha mbili zikutane, na Mama akazishona kwa kamba ya katani mpaka mwisho. Mzee Rubeni yuko hapa leo, ameketi katikati ya wazee wa upande wetu.

Jana, nikimsaidia Mama kufunga mizigo, nilimwuliza kama ile nyumba bado inamuuma.

"Inaniuma, Lilian. Ulidhani nilikuja kwenu kwa sababu hainiumi?"

Mama, leo mbele ya watu wote hawa nakiri kwamba ndivyo nilivyodhani. Nakushukuru kwa niaba ya kila nyumba ya ng'ambo iliyokula ulezi wako. Nanyi nyote mliofika, asanteni kwa kutulia na kunisikia.