Ndoo ya Kijani ya Mwalimu Secilia

Tarehe 30 Juni 2025 Mwalimu Secilia Ndassa anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha, ishirini na miwili kati yake katika shule yetu hii ya Biharamulo. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa kuwa meza zetu zimepakana muda wote huo. Amenionya nisimpambe.

Alizaliwa Nyantakara, katika familia ya wakulima na wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga. Alianzia kazi Ngara, akaja kwetu mwaka 2003 na sanduku moja la nguo na matatu ya vitabu. Somo lake ni Kiswahili, na ugonjwa wake ni ishara za fasihi. Wanafunzi wake huzitafuta hata kwenye makande.

Waliopita kwake wanaikumbuka ile riwaya ya shule ya bweni. Ndani yake wababe huwapora wageni ndoo za maji, na wanaoshuhudia hujifunika blanketi gubigubi. Ndoo ni uonevu, blanketi ni woga. Mwaka mmoja darasa zima liliandika kwamba blanketi ni ishara ya baridi ya Ngara. Mwalimu alicheka hadi machozi, kisha akawapa wote sifuri.

Kiangazi cha 2014 Akimana, binti wa kidato cha kwanza kutoka Nemba, alitoroka shule. Kila asubuhi wakubwa walimnyang'anya ndoo chemchemini, naye akaadhibiwa kwa kuchelewa. Wiki hiyo Mwalimu Secilia alikuwa kwenye sura ya blanketi. Katikati ya kipindi aliweka chaki chini, akawaambia wanafunzi kwamba blanketi lake yeye ni dirisha la ofisi ya walimu: alikuwa akisikia vilio vya chemchemini, na akilifunga. Aliwaomba radhi.

Jumamosi alipanda baiskeli hadi Nemba. Mama Akimana alikuwa ameshaamua binti abaki shambani. Alimuuliza mwalimu, akimrudisha, nani atasimama naye pale majini. Mwalimu akajibu kwamba atasimama yeye.

Jumatatu alinunua ndoo ya kijani, akaandika jina lake kwa rangi kama mwanafunzi yeyote, akapanga foleni nyuma ya kidato cha kwanza. Wababe walipofika walijikuta wanatoa shikamoo na kusubiri zamu. Kwa miaka kumi na mmoja hakukosa, isipokuwa alipoumwa malaria. Nyumba yake ina bomba tangu 2017, lakini hilo hakutaka lisemwe.

Akimana sasa ni wakala wa forodha Rusumo, na nasikia madereva wa malori wanamheshimu sana. Leo, katika hafla hii ya kumuaga mwalimu wake, ameketi mstari wa mbele.

Nimalizie na langu. Dirisha lile liko katikati ya meza zetu mbili. Vilio vile nami nilivisikia, na siku ambazo Mwalimu Secilia alisahau kulifunga, nililifunga mimi. Yeye aliungama mbele ya watoto. Mimi nimengoja hadi karatasi hii, na ninaona aibu.

Asante, mwalimu. Nenda Nyantakara ukalime, usome, ulale hadi jua likuamshe. Afya na amani vikusindikize. Ndoo ya kijani naomba uniachie. Shule ikifunguliwa Julai, nitakuwa kwenye foleni.

Mwl. Philbert Havyarimana
Idara ya Historia