Bi Dafrosa na Nafasi Tupu ya Rafu

Tarehe 30 Septemba 1974 Bi Dafrosa Kokushubira anastaafu, baada ya miaka ishirini na miwili katika kibanda cha magazeti ya kigeni kwenye stesheni kuu ya Stockholm. Mimi ni binti wa Getrude, anayefanya naye kazi. Nimepewa kuandika wasifu huu kwa kuwa nimesoma Bukoba kwa Kiswahili na hapa kwa Kiswidi. Kuusoma mbele yenu kwenye sherehe hii ya kumuaga atausoma mwenzao wa kazi, Bwana Okech. Mimi nitakuwa jikoni, najifanya nakoroga juisi.

Bi Dafrosa alitoka Bukoba akiwa yaya wa watoto wa daktari Mswidi. Watoto walipokua hakurudi. Anasema baridi ilikuwa imeshamzoea. Kibandani aliuza magazeti ya lugha asizozisoma, lakini aliyajua kwa sura, kama mtu anavyowajua mbuzi wake.

Moja lilikuwa gazeti la kila siku la Athene, lililoanza baada ya Vita Kuu ya Kwanza: gazeti la kihafidhina, la watu wa mfalme, wale wanaofunga tai hata wakiwa nyumbani. Bwana Thanasi, fundi cherehani, alilinunua kwa kulipenda. Bwana Lefteri, muosha vyombo na mtu wa mrengo wa kushoto, alilinunua kwa kulichukia. Alilisoma palepale, akalitukana, akalikunja vizuri, akaenda nalo kazini.

Aprili 1967 wanajeshi walipindua serikali kule Ugiriki, wakataka kukagua kila habari kabla haijachapishwa. Mwenye gazeti, mhafidhina yule yule, alikataa. Akalifunga. Bwana Lefteri alisimama mbele ya rafu kama mtu aliyefiwa na mkwe waliyekuwa wakigombana naye kila siku.

Meneja alitaka nafasi ile ijazwe majarida ya mafumbo. Bi Dafrosa akamwambia kwamba kwao mtu akisafiri, kitanda chake hakipangishwi. Meneja akasema rafu si kitanda. Kesho yake alikuta bakuli la viazi na maharage limekaa pale. Akaelezwa kwamba huyo ni mlinzi.

Miaka saba, asubuhi kwa asubuhi, Wagiriki wale wawili waliuliza kama limekuja, naye akajibu, “Bado.” Ndicho Kiswahili chao chote. Bwana Lefteri aliendelea kubishana na rafu tupu. Siku mpita njia mmoja aliposema afadhali gazeti lile lilikufa, Lefteri nusura amchape mwavuli. Lile lilikuwa gazeti lake la kuchukia, mwingine asiliguse!

Mwaka huu ndipo tulipoanza kuogopa, maana Meneja alishatamka: siku Bi Dafrosa anaondoka, mafumbo yanaingia. Julai utawala wa wanajeshi ukaanguka. Agosti ikapita, rafu tupu. Mama akamshauri, dada, umetunza vya kutosha. Akajibiwa, “Getrude, nimelea watoto wa watu. Mtoto simwachi mlangoni.” Nami nakiri kwamba niliomba kanisani kwa ajili ya gazeti nisiloweza kusoma hata herufi yake moja, tena la watu wa mfalme.

Katikati ya Septemba likachapishwa tena, na siku chache baadaye furushi likafika. Bi Dafrosa aliondoa bakuli, akapangusa rafu kwa leso yake, akaliweka. Bwana Thanasi alivua kofia. Bwana Lefteri akafungua tahariri, na kabla hajamaliza safu ya kwanza alipiga kelele stesheni nzima ikageuka: uongo! Uongo mtupu! Huku machozi yanamtiririka. Kisha akanunua nakala ya pili.

Bi Dafrosa, ahsante kwa kutulindia hata vile usivyovisoma. Kapumzike kwako Märsta, karibu na uwanja wa ndege; ndege zikikupitia juu ujue hakuna hata moja iliyobeba gazeti unalotakiwa kuliuza. Afya njema, viazi vitamu, na wageni wa kutosha.

Jana Meneja aliuliza kama kigoda chako cha kibandani sasa kinaweza kutupwa. Bwana Thanasi na Bwana Lefteri walikuwa dirishani, kila mmoja na gazeti lake. Wakamjibu kwa pamoja, kwa Kiswahili: bado.