Gunia la Saumu

Kijiwe cha Soni kiko kando ya barabara ya Mombo, pale malori ya mboga yanapopakia. Asubuhi ile kahawa ilikuwa inapoa vikombeni. Zuberi alikuwa anasubiri basi. Yeye ndiye mjumbe aliyetumwa Dodoma kwenye mkutano wa chama wa kumteua mgombea urais, na tangu juzi usingizi ulikuwa umempaa. Alijiunga na chama siku mnunuzi alipomlazimisha kufunga karoti zake lumbesa, yaani gunia lenye kilemba cha wavu juu, kwa bei ya gunia la kawaida. Kukomesha lumbesa ndiyo ahadi ya kwanza ya chama chao.

— Kura mpe Hafidhi, alisema Yassir, wanayemwita Redio. Kahamia chama chetu mwaka jana tu, lakini viwanja vinafurika.

— Wanunuzi wa lumbesa ndio wanaomlipia majukwaa, alijibu Tobia, yaani Profesa. Mama Loyce hajawahi kuyumba.

— Wala hajawahi kushinda! Kagombea mara mbili, tumelia mara mbili.

— Bora kulia na mtu wako.

— Mpaka lini, Profesa?

— Hata miaka hamsini. Hawa wapiga kura watakufa, wajukuu wao watatuelewa.

— Kwani sisi hatufi? Sikia, Hafidhi aingie kwanza Ikulu, halafu tumbane. Tunamwapisha upya kwa Kishambaa, mbele ya wazee wa Vuga, walikotawala machifu wetu wa kale. Atathubutu kutugeuka?

Zuberi aliumia moyo, maana kila aliyesema alimwona ana haki.

Hapo akafika Saumu, mkulima wa huko juu, na mkokoteni wa karoti. Gunia lilikuwa limeshajazwa mpaka kwenye wavu, bado kushonwa tu.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Mjomba Zuberi, huyo mtakayempitisha, ataniondolea hiki kilemba?

— Loyce atakiondoa, alidakia Profesa.

— Atashinda?

Profesa akainamia kikombe chake.

— Hafidhi atashinda, alisema Redio.

— Naye atakiondoa?

Lori la mnunuzi likapiga honi.

— Sasa mimi nishone, au nisubiri?

Alimuuliza Zuberi, si wengine. Zuberi akaona aibu kuliko siku zote za maisha yake. Akaweka kahawa chini, akachukua sindano mkononi mwa Saumu, akaanza kumsaidia kushona lumbesa. Basi lilipotokea kwenye kona alikuwa amebakiza mishono mitatu, na bado hajui kura yake ataipeleka wapi.