Namba Saba ya Mgongoni

Ndani ya tramu ya kwenda Coburg, bibi mmoja alikuwa akifumua namba saba mgongoni mwa koti lake la ushabiki, alilolitandaza mapajani. Kijana jirani yake, mwenye skafu ya wapinzani, akashindwa kujizuia.

"Pole, bibi. Tumemchukua Doolan, namba saba wenu, lakini tumewapa nafasi zetu mbili za kuchagua chipukizi ligi itakapogawa wachezaji wapya!"

"Chipukizi gani? Hata shule hawajamaliza!"

"Watakuja kuwa moto hao."

"Lini? Nina miaka themanini na tatu, mjukuu wangu. Nitawangojea wapi mimi?"

Mimi niliyeketi mbele yao, shabiki wa timu isiyowahi kupata hata chipukizi wa maana, nikajifanya naangalia nje.

Tramu ikasimama. Bibi akamtupia kijana ile namba saba mapajani. "Shona kwako. Na Doolan akikosa goli, msimzomee. Mimi huwa nampigia makofi, la pili anafunga."