Mzee Anamwita Kinyozi Shemeji

Benchi lenyewe liko nje ya duka la kinyozi, mguu mmoja umefungwa waya, na birika la kahawa halikosi moto. Asubuhi hiyo Kinyozi alifika kutoka hospitalini, duka hakufungua, akaketi ameshika tama. Baba yake, siku ya nne tangu apasuliwe nyonga, alikuwa amemwita shemeji. Kinyozi aliogopa, tena sana, kwamba baba aliyempeleka siye atakayemrudisha nyumbani.

— Ananiuliza mbuzi nimewafunga wapi. Mbuzi, jamani! Kwetu hatujafuga hata kuku.

— Hiyo nusu kaputi waliyomlazia, alisema Spana, fundi magari. Imepanda kichwani, imekosa pa kutokea.

— Nusu kaputi gani! alidakia Diwani, ambaye maishani hajagombea chochote. Mzee kaongezewa damu ya mtu. Huyo mtu ndiye mwenye mbuzi.

— Na shemeji? aliuliza Spana.

— Wa huyo huyo! Tumtafute, arudishiwe damu yake, mzee apone.

— Tumtafute wapi?

— Penye mbuzi.

Kinyozi alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.

— Akibaki hivi je? Nitakuwa namnyoa baba asiyenijua?

Dada mmoja aliyekuwa akingoja kahawa, bado na sare za unesi, aligeuka.

— Pole, kaka. Mzee amelala lini mara ya mwisho?

— Alale saa ngapi, dada? alisema Diwani. Tunapokezana kumwona. Mimi nikimkuta kafumba macho namtikisa, asije akasema sikwenda.

— Redio nilimpelekea mimi, alisema Spana kwa fahari. Iko chini ya mto, haizimwi.

— Na taa nimewaomba wasizime, alisema Kinyozi taratibu. Nilidhani ataogopa giza.

— Mtu mzima, mgonjwa, siku nne hajalala! alisema nesi. Hapo akili lazima iyumbe. Mwambie daktari leo hii, amwangalie. Mchana mvalishe miwani kama anayo, akuone vizuri, umzungumzishe. Usiku zima taa, mwache alale. Wengi hurudiwa na akili zao.

Kinyozi alisimama arudi hospitalini. Spana na Diwani nao wakasimama.

— Nanyi wapi? aliuliza nesi.

— Kumwona mzee anavyolala! alisema Diwani.

— Mkishamwona?

Diwani na Spana walijua wangemwamsha wamwambie wamekuja.

— Kaeni, ndugu zangu, alisema Kinyozi. Nawapenda, lakini leo kaeni.